Gazeti au mtandao? Nyumba ya marehemu baba ilivyouzwa Kimara

Kama unauza nyumba Dar es Salaam na una hela ya tangazo moja tu, iweke mtandaoni. Nasema hivi mimi ambaye Jumapili haiishi sijanunua gazeti, na ambaye nilitaka sana tangazo letu litoke gazetini kwanza, kwa heshima ya mzee wetu aliyelisoma mpaka uzeeni. Tulitangaza kote: gazeti la Kiswahili la kila siku, Jiji (ule mtandao wa matangazo ya kuuza na kununua), Instagram, Facebook na status za WhatsApp za ukoo mzima. Nyumba imeuzwa, fedha za mirathi zimegawanywa, na ndugu wawili watatu wameniuliza wapi wapeleke tangazo lao. Hili ndilo jibu langu.

Nyumba iko Kimara Temboni. Vyumba vitatu, kimoja master, sebule, jiko la ndani, banda la uani lenye wapangaji, fensi ya matofali, kiwanja cha mita za mraba 620, na hati ya Wizara ya Ardhi. Bei tuliyokubaliana kwenye kikao cha familia ilikuwa milioni 120, maongezi yapo. Msimamizi wa mirathi ni mimi, kwa hiyo namba ya simu iliyotoka kila mahali ilikuwa yangu.

Gazetini nafasi inapimwa kwa safu na sentimita, na picha ya rangi inapandisha gharama mno. Tulichukua kiboksi kidogo cheusi na cheupe, bila picha. Kilitoka vizuri, herufi zinasomeka, namba ya simu haikukosewa. Tatizo lilikuwa majirani zake kwenye ukurasa ule. Kulia zabuni ya halmashauri, chini taarifa ya kupotea kwa hati, na juu yetu tangazo refu la mnada wa hadhara wa nyumba za wadaiwa wa benki, limepangwa namba kwa namba na majina ya wakopaji. Sheria inataka mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla, ndiyo maana kurasa zile zimejaa minada. Msomaji wa gazeti amezoea hivyo: akiona nyumba kwenye ukurasa ule, anajua kuna mtu ameshindwa kulipa mkopo.

Simu ya kwanza ilikuwa ya kijana mwenye adabu kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Samahani mama, mnada wenyewe ni tarehe ngapi? Na ni benki gani?"

Nikamweleza kwamba si mnada, ni nyumba ya familia na haina deni. Akashukuru, akakata. Wengine waliofuata waliuliza vilevile kwa maneno tofauti. Mmoja alitaja milioni 60 bila hata kuuliza ina vyumba vingapi, akasema najua mmebanwa, mimi nina cash. Iliniuma. Baba aliijenga nyumba ile kwa mshahara wa ualimu, tofali kwa tofali, na hakuwahi kuiweka rehani.

Lakini niwatendee haki wasomaji wa gazeti. Wachache walioelewa kwamba tunauza wenyewe walikuwa watu wazima wanaojua wanachouliza. Hati ni ya miaka mingapi? Imebaki mingapi? Kodi ya pango la ardhi imelipwa? Na swali ambalo mtu yeyote anayenunua kandokando ya Barabara ya Morogoro lazima aulize: iko nje ya hifadhi ya barabara? Bomoabomoa ya 2017, kuanzia Kimara kwenda upande wa Kibaha, watu hawajaisahau. Waliona nyumba zenye alama nyekundu ya X zikiangushwa ili barabara ipanuliwe.

Swali hilohilo ndilo lililonifanya niuheshimu mtandao. Mpwa wangu alirekodi video moja isiyokatwa, akitembea kutoka kwenye lami, akapita dukani kwa Mpemba, akapanda kilima kile kidogo, mpaka getini kwetu. Mtu anaona kwa macho yake umbali wote, anaona njia ina makorongo au haina, anaona gari ndogo inafika. Ndani akaonyesha na yale ambayo wauzaji wengi huyaficha: ufa wa ukuta wa banda la uani na dari ya chumba kimoja iliyoingia maji. Kaka yangu alilalamika kwamba tunajiharibia. Mimi nilishikilia video ibaki hivyo, na waliokuja kuangalia nyumba hawakupoteza muda kushangaa ufa. Walikuwa wameshaupigia hesabu. Kiboksi cha gazeti hakiwezi kufanya kazi hiyo hata ukilipia ukurasa mzima.

Tangazo letu la kawaida Jiji tuliliweka bure, hela inaingia ukitaka lipandishwe juu. Instagram tulilipia kidogo ili video ifike kwa watu wa Dar na Dodoma. Hela yote tuliyotoa huko haikufikia ya kiboksi kile cha siku moja.

Kero zake nazo ni kubwa, nisikudanganye. "Bado ipo?" saa sita usiku. "Bei ya mwisho?" kutoka kwa mtu ambaye hajauliza hata nyumba iko wapi. "Naomba location", ukimtumia, kimya. Hao wanavumilika. Madalali ndio walionitoa jasho. Walichukua picha zetu, wakaziweka kwenye kurasa zao, wakaongeza cha juu. Kuna ukurasa nyumba yetu ilikuwa milioni 145, na mteja akitaka kuiona anatozwa hela ya usumbufu kwanza. Mteja aliyeona bei mbili za nyumba moja anahisi utapeli, na ana haki kuhisi hivyo katika mji huu ambao kuta zimeandikwa kwa rangi "NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI". Kilichosaidia ni kuandika bei, namba ya simu na maneno "mwenyewe anauza" katikati ya picha, juu ya ukuta wa nyumba. Ukiandika pembeni wanakata.

Mambo mawili zaidi usiyafanye mtandaoni. Usiweke picha ya hati. Anayetaka kununua kweli mpe namba ya kiwanja na kitalu, aende ofisi ya ardhi afanye upekuzi, yaani ahakikishe mmiliki ni nani, na nakala aione mkononi mwako. Na usitangaze kabla hujazungumza na wapangaji. Wetu niliwaita tukakaa uani, nikawaeleza mapema, la sivyo wangejiona wanauzwa wao na nyumba kwenye simu za watu.

Mnunuzi alitoka Instagram. Muuguzi anayefanya kazi Dodoma aliona ile video, akamtuma mama yake mdogo anayeishi Mbezi aje kuangalia. Mama yule hakuvutiwa na video hata kidogo. Alizunguka nyumba, akagonga kuta, akaongea na mjumbe, akaenda serikali ya mtaa, kisha akanikalisha chini: "Mwenzangu, hii ni nyumba ya marehemu. Nitajuaje hakuna mtoto mwingine huko atakayejitokeza kesho?" Nikampa barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi pamoja na kipande cha gazeti chenye tangazo la mirathi, lile la kumtaka mwenye pingamizi ajitokeze. Alilisoma lote, tarehe na jina la mahakama, akalipiga picha, akamtumia mtoto wake. Hapo ndipo tulipoanza kuongea bei.

Kwa kazi hiyo gazeti halina mpinzani. Tarehe haihaririwi, tangazo halifutwi usiku, na nakala zake zimehifadhiwa. Kwa mirathi, kwa hati iliyopotea, kwa kutangaza kwamba mtu fulani si wakala wako, toa hela gazetini na ukitunze kile kipande. Kwa kutafuta mtu wa kuja kuiona nyumba, hela ya gazeti afadhali umpe fundi apake rangi geti, kisha urekodi video.

Tulimalizana kwa milioni 112. Kumbuka kama ni nyumba ya mirathi, hati inaingia kwanza jina la msimamizi ndipo ihamie kwa mnunuzi, na kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza mali, inalipwa TRA kabla ya uhamisho. Sisi tuliandika kwenye tangazo kabisa kwamba kodi hiyo ni juu ya muuzaji, na simu za kubabaishana zikapungua.

Malipo ya awali yalipoingia kwa mwanasheria tulibandika neno IMEUZWA juu ya video na kulifuta tangazo la Jiji. Kurasa za madalali bado zina picha zetu na watu wanaendelea kupiga simu, wengine kutoka mikoani, wakiwa wameshatoa hela ya usumbufu. Ukikutana na nyumba ya geti la bluu, Kimara Temboni, yenye mwembe mbele ya banda la uani, usimlipe mtu. Ina mwenyewe tayari.