Uzoefu wangu na shimesikio linalojichagulia la kusikia

Kwa wiki kadhaa niliamini kwamba fedha nilizolipia shimesikio hili, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, hazikupotea. Ndani ya daladala, na hata Kariakoo penye makelele ya kila namna, nilimsikia aliyesimama mbele yangu kana kwamba tulikuwa wawili tu. Kisha jioni moja, televisheni ikinguruma, mjukuu wangu alipita nyuma yangu na birika la chai ya moto, akaniita mara tatu, "Babu, napita," nami nikasukuma kiti nyuma. Chai ilimwagika mkononi mwake.

Nimewahi kufanya kazi za antena zinazoelekezwa upande mmoja kama kifaa hiki, kwa hiyo nilielewa kilichotokea, na kuelewa huko ndiko kulikoniuma zaidi. Kifaa kina maikrofoni mbili zilizoachana kwa takriban sentimita 1. Sauti itokayo nyuma hufika kwenye moja kabla ya nyingine, na algorithimu, yaani kanuni za hesabu zilizomo ndani ya kifaa, huitumia tofauti hiyo, isiyofika hata sehemu ya elfu kumi ya sekunde, ili kuuelekeza usikivu mbele na kuufanya uwe kiziwi kwa ule upande wa nyuma wenye sauti kubwa zaidi. Haitofautishi mtoto na jenereta. Jioni ile sauti kubwa zaidi nyuma yangu ilikuwa ya mjukuu wangu, ikafutwa.

Nilirudi kliniki kuomba programu inayosikia pande zote. Fundi, bila kuinua macho kwenye simu yake, alinijibu: "Mzee, mashine inajichagulia yenyewe. Ukiitwa, geuka." Nitaigeukiaje sauti ambayo mashine imekwisha kuizima? Nilimweleza kisa cha chai, akasema programu hiyo haipo, akamwita mteja mwingine.

Ilikuwepo. Nilipokwenda tena, binti mmoja alikiunganisha kifaa na kompyuta, akaiwasha programu hiyo ndani ya dakika chache, akaniomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Nilikusudia kuandika kwamba kifaa hiki kisinunuliwe, lakini ningekidhulumu, maana sokoni kinafanya kazi ambayo masikio yangu hayaiwezi tena. Atakayekinunua adai kuonyeshwa programu ya pande zote kabla ya kulipa, na asikubali kuondoka bila hiyo. Hata hivyo, kila ninapouona mkono wa yule mtoto, nashindwa kumwambia mtu yeyote akinunue.