Kozi ya kupiga picha imenifundisha kutulia

Jamani nimemaliza kozi ya kupiga picha ya wiki nane na naisifia kwa moyo wote. Mwanzo nilikuwa nabonyeza tu, kamera iko oto, yaani inajipangia kila kitu yenyewe, picha mia tatu kwa siku na hata moja siikumbuki. Mwalimu akatuambia tuache oto, lenzi moja tu ya 50mm isiyo na zoom, picha 24 kwa wiki nzima basi. Nilitaka kuacha kabisa, kila kitu giza ama kimeungua kwa mwanga, maana ukifungua lenzi f/1.8, yaani tundu lake liwe kubwa, mwanga unaingia mwingi ila kinachokaa kwenye fokasi ni kipande chembamba, ukienda f/8, tundu dogo, nyuma nako kunaonekana lakini inabidi shata (kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga) iende taratibu au upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, na picha inajaa chenga.

Siku moja nikampiga picha bibi anatunga uzi kwenye sindano pale dirishani, shata 1/30 ya sekunde, mkono unatetemeka, tatu za kwanza zote ukungu. Zamani ningenuna niondoke. Safari hii nikakaa chini, nikapiga naye stori, nikaegemea ukuta, nikashusha pumzi ndo nikabonyeza. Vidole vikatoka safi mpaka kovu la kidole gumba, miaka yote hiyo sijawahi kuliona!

Na kukosolewa mbele ya darasa, zamani nilikuwa nalia kimoyomoyo, sasa hivi nauliza mwenyewe wapi nimekosea. Sehemu ya kuedit tu ndo waliikimbiza sana, waiongezee muda. Kwa anayeanza, nenda.