Takwimu za FAS kwa mnunuzi wa nafaka wa Mombasa

Sisi tunaonunua ngano na mahindi kwa ajili ya bohari za Shimanzi tumezoea kupata habari za soko kwa madalali, na dalali, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kununua hata gunia moja Kongowea, hutabiri bei kwa kutazama kwanza mzigo wake mwenyewe. Ndiyo sababu natathmini hapa huduma isiyolipiwa hata senti: takwimu za FAS (Foreign Agricultural Service), idara iliyo chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1953 kuyatafutia mazao ya nchi hiyo masoko ya nje na ambayo pia husimamia sehemu ya msaada wake wa chakula.

Inayonifaa zaidi ni taarifa ya mauzo ya nje ya Marekani itolewayo kila wiki, kwa kawaida siku ya Alhamisi. Asili yake ni kisa cha mwaka 1972, Wasovieti waliponunua ngano nyingi ya Marekani kimya kimya, kampuni moja isijue nyingine imeuza kiasi gani, na bei ikapaa mzigo ukiwa umekwisha kuuzwa. Tangu hapo sheria inawalazimu wauzaji kutangaza mikataba yao. Anayeuza tani 100,000 au zaidi za zao moja kwa nchi moja kwa siku moja hana budi kuarifu siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo mtu aliyeketi Kilindini huona nani amechukua nini, na naziamini hesabu hizo kwa sababu mkulima wao mwenyewe angeumia kwanza kama zingepotoshwa. Kasoro yake ni kwamba serikali yao ikifunga ofisi kwa kukosa bajeti, kama ilivyotokea kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, taarifa hukatika.

Zipo pia ripoti za nchi moja moja, zikiwemo za Kenya zinazoandaliwa na ofisi yao ya Nairobi. Ile ya kanuni za uagizaji imeandikwa kwa ajili ya muuzaji wa Marekani, lakini nakiri, kwa haya kidogo, kwamba hueleza masharti yetu wenyewe kwa utaratibu ambao si kila kaunta ya hapa huujua. Katika ripoti za nafaka, msomaji akumbuke kwamba hesabu hufuata msimu wa soko, yaani miezi kumi na miwili inayoanza na mavuno, si mwaka wa kalenda, la sivyo atadhani tumeagiza ngano mara mbili.

Upande wa msaada siupi alama kubwa. Katika mpango wa Food for Progress, ulioanzishwa mwaka 1985, mazao ya Marekani husafirishwa na kuuzwa katika nchi inayosaidiwa, kisha fedha zikagharamia miradi. Na sheria yao inataka angalau nusu ya uzito wa msaada wa chakula ibebwe na meli zenye bendera ya Marekani, ambazo nauli yake ni ghali. Mwenye bohari hawezi kuliita jambo hilo sadaka tupu, kwa maana shehena ikiuzwa hapa inashindana na yake.

Anayeanza aanze na taarifa ya kila wiki, ambayo ni ya tani. Bei ya soko la nafaka la Chicago ndiyo husemwa kwa busheli, kipimo cha nafaka cha Kimarekani: tani moja ya ngano ni busheli 36.74, ya mahindi 39.37. Mimi nimeziandika kwa chaki mlangoni mwa bohari.