Saa ya Mapambazuko kwa Wenye Kisirani cha Alfajiri

Mkazi wa mitaa iliyo kandokando ya Barabara ya Thika anayetaka kufika katikati ya Nairobi kabla ya msongamano wa magari hulazimika kuamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, ilhali jua, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu karibu mwaka mzima. Kwa ajili ya saa hizo za giza nilinunua katika duka moja la Luthuli Avenue saa ya mezani yenye taa inayoiga mapambazuko, kwa shilingi 3,800 baada ya kupatana.

Taa hiyo huanza kuwaka nusu saa kabla ya muda uliotegwa, kwanza ikiwa nyekundu iliyofifia, kisha ya manjano, na hatimaye nyeupe inayojaza chumba. Mwanga hupenya kope na kuuashiria ubongo upunguze melatonini, homoni ya usingizi, hivi kwamba kengele inapolia mwili umekwisha kuanza kujiandaa. Kengele ya simu, kwa upande wake, humkurupusha mtu hata akiwa katika usingizi mzito, na mang'amung'amu yanayofuata, ambayo aghalabu hudumu kati ya dakika 15 na saa nzima, ndiyo humfanya ajibu salamu kwa mguno. Nyumbani kwangu tofauti ilionekana jikoni: swali la soksi ya shule iliyopotea, ambalo zamani lilizua ugomvi kabla ya chai kuchemka, sasa hujibiwa kwa sauti ya kawaida. Uchangamfu siwezi kudai kwamba umekuja.

Kasoro zipo, tena za kuudhi. Plagi yake ina pini mbili za mviringo, kwa hiyo sharti ununue adapta ya soketi zetu za pini tatu. Umeme ukikatika usiku, saa husahau kila kitu na kukuamkia ikimetameta sufuri nne, kwa kuwa haina betri ya akiba. Ndiyo maana simu yangu bado hutegwa dakika chache baadaye. Kengele yake, yenye mlio wa ndege wa porini, ni rekodi fupi inayojirudia (na penye miti, ndege aitwaye kwarara hufanya kazi hiyo bure, kwa ukali zaidi). Kubwa kuliko yote, taa haichagui wa kumwamsha: mwenzangu, ambaye huondoka baadaye, hulazimika kugeukia ukutani na kujifunika shuka hadi kichwani.

Aidha, kifaa hiki hakiongezi usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na aliyekesha hadi saa sita akitazama mpira wa Ulaya ataamka amenuna hata akimulikwa vipi. Anayelala vya kutosha na bado akaamka na hasira kila siku, hasa ikiwa hukoroma na kukatika pumzi usiku, amwone daktari kabla ya kwenda Luthuli.

Anayeamka saa moja asubuhi hana haja ya kutumia pesa hizo. Pazia likifunguliwa linamtosha. Atakayenunua amwombe muuzaji aiwashe dukani na kuitega mbele yake, kwani maelezo yaliyomo katika boksi yangu yalikuwa ya Kichina pekee, na kitufe cha kutega kengele ndicho hicho hicho cha kuizima.