Uzoefu wangu na Cirrhilabrus exquisitus: samaki, uduvi, wavu na mashine ya kulisha

Ukitaka samaki wa maji chumvi mwenye rangi za kuwasimamisha wageni sebuleni, na ambaye hatagusa matumbawe yako, jamii ya Cirrhilabrus ndiyo ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote. Madukani hapa Uingereza huuzwa kwa jina la fairy wrasse. Spishi zake zinapita 60. Wangu ni exquisitus dume, na mfuko wake ulikuwa na kibandiko kilichoandikwa Kenya. Mimi ni mtu wa Pwani, kwa hiyo kibandiko hicho kilifanya kazi yake na pochi ikafunguka. Sasa nimeishi naye vya kutosha kusema ni gharama gani zinazomsaidia samaki huyu na zipi zinamsaidia muuzaji tu.

Samaki mwenyewe nampa nyota tano. Hufika sentimita 12 hivi, na kwao ameenea kutoka Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Tuamotu katika Pasifiki, rangi zikibadilika kufuatana na bahari anakotoka. Aliyemwandika kisayansi mwaka 1957 ni J.L.B. Smith, yuleyule aliyeutambulisha ulimwengu kwa silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, mwaka 1939. Wangu ana mgongo wa kijani, michirizi myekundu ubavuni na doa jeusi kwenye shina la mkia. Akiamua kujionyesha, hutandaza mapezi yote na rangi hulipuka kwa sekunde chache, kisha anarudi kuwa samaki wa kawaida na kuendelea na shughuli zake.

Kuna faida nyingine ya exquisitus ambayo wauzaji hawaisemi sana: kwao hukaa maji mafupi. Baadhi ya ndugu zake hutoka kina kirefu, na wakipandishwa haraka kibofu cha hewa huharibika. Utawaona dukani wakihangaika kushuka chini, kichwa kimeinama, mkia umeelekea juu. Hao waache, hata bei ikishushwa. Yule Cirrhilabrus wakanda wa Zanzibar, aliyetangazwa mwaka 2019, huishi mita 50 hadi 80 chini ya maji; mwacheni huko huko.

Duka nililonunua sitalitaja, lakini huduma yao ilikuwa safi kwa jambo moja: nililipa, wakakaa naye mpaka nikamwona anakula uduvi mbele ya macho yangu, ndipo wakamfunga. Duka lolote likikataa kumlisha samaki huyu mbele yako, ondoka. Zaidi ya pauni 70 si pesa ya kubahatisha.

Sasa chakula, maana hapa ndipo penye kazi. Samaki wa jamii hii hawana mfuko wa tumbo. Chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo mfupi, hakuna ghala. Baharini hushinda wakielea juu kidogo ya mwamba, kwenye mkondo, wakidokoa planktoni, yaani vijiumbe vinavyoelea majini, mchana kutwa. Kwa hiyo ukimpa shibe moja kubwa jioni ukitoka kazini, nusu itazama mchangani na yeye kesho yake mchana atakuwa na njaa. Utaliona hilo mgongoni kabla ya kuliona tumboni: nyama iliyo nyuma ya kichwa huanza kubonyea na mgongo unachongoka. Mimi humlisha asubuhi, alasiri na magharibi, kidogo kidogo, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili.

Msingi wa mlo ni uduvi wa mysis waliogandishwa. Nimetumia wa Hikari na wa PE Mysis, na wote anawala bila ubishi. Wa Hikari ni wadogo na wameongezewa vitamini, wanafaa hata kwa majike wachanga. Wa PE ni wanono, mafuta yanaonekana kabisa. Hao huwakata kwa wembe kama kuna samaki mwenye kinywa kidogo tangini. Hawa wa PE huvuliwa ziwa Okanagan, Kanada, na kisa chake kinanichekesha kila ninapofungua pakiti: ni ziwa la maji matamu, uduvi walipandikizwa humo miaka ya 1960 wawe chakula cha samaki, wakaishia kugombania planktoni na samaki walewale waliokusudiwa kunufaika. Leo wanavuliwa kuja kulisha samaki wa Kenya aliye Uingereza.

Artemia waliogandishwa, vijiuduvi vya maji chumvi, wanasifiwa kupita kiasi. Ni wazuri kwa siku za mwanzo, kwa samaki mgeni anayeogopa, kwa sababu hana budi kuwafuata wakielea. Lakini lishe yao ni hafifu, na ukimtegemezea hao peke yao atakonda huku anakula. Kopepodi (vijidudu vidogo vya jamii ya uduvi) na mayai ya samaki nampa mara moja moja. Mayai hasa huyarukia kama watoto wa mtaani na visheti. Chembe kavu ndogo za milimita moja hivi pia amezoea, na ningemshauri kila mtu amfundishe samaki wake kula chembe mapema, kwa kuzichanganya na uduvi, ili siku umeme wa friji ukikatika usihangaike.

Jambo dogo lakini lina maana: usitupe kipande cha barafu tangini. Kiyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, chuja kwenye kichungi cha chai, mwaga yale maji machafu, ndipo ulishe mbele ya pampu ili mkondo ukisambaze. Milo mitatu kwa siku hupandisha naitreti na fosfeti, uchafu unaolisha mwani, hakuna njia ya kukwepa hilo, na bila kichuja povu cha maana, kile chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu, mwani utakuvamia. Tangi langu ni lita 350, joto nyuzi 25, uzito wa maji (kipimo cha chumvi yake) 1.025, na kazi kubwa ya kichuja povu ni kusafisha baada ya huyu bwana mmoja.

Hapo ndipo nilipojaribiwa na mashine ya kulisha yenyewe. Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya huruma. Wazo ni zuri: mlo wa alasiri unatoka mtu akiwa kazini. Lakini mashine inakaa juu ya maji ya joto, mvuke unapanda, chembe zinashika unyevu na kuganda mlangoni. Siku moja haitoi kitu, siku ya pili inamwaga rundo. Imekuwa afadhali nilipoiweka pembeni ya tangi na kuijaza chembe za siku chache tu. Sasa naitumia nikisafiri wikendi. Kwa kila siku, jirani mwenye ufunguo na vikopo vilivyokwisha kupimwa ananifaa zaidi.

Wavu wa kufunikia tangi, kwa upande wake, nyota tano bila mjadala. Cirrhilabrus huruka. Taa ikizimwa ghafla, samaki mwingine akimfukuza, hata kivuli chako usiku, anaweza kutoka kwenye tundu ambalo usingedhani kidole kinapita. Nilinunua fremu ya alumini ya kukata mwenyewe na wavu angavu wenye matundu ya milimita 6, na nyaya za pampu nikazitengenezea pembe yake. Kifuniko cha kioo kinazuia kuruka pia, ila kinabana hewa na joto. Taa zizimike polepole, kwa hatua. Usiku atajipenyeza mwambani na kujizungushia utando wa ute, alale humo. Asubuhi ukiuona utando ukielea usidhani ni ugonjwa.

Kasha la kumzoesha, lile la plastiki angavu lenye matundu linaloning'inizwa ndani ya tangi, ni la bei ndogo na ningelinunua tena. Samaki wenyeji wanamtazama, wanamchoka, wanamwacha. Kabla ya hapo apite karantini, maana minyoo ya matamvuani ni kawaida kwa samaki waliotoka baharini. Prazikwanteli, dawa ya minyoo hiyo, wanaivumilia vizuri. Dawa ya shaba itie kwa tahadhari na kwa kupima.

Dume wa peke yake hupauka, kwa sababu hana wa kumringia. Hawa huanza maisha wakiwa majike, na mkubwa wao hugeuka dume, hivyo ukinunua majike wawili bila dume, mmoja atajigeuza kwa wakati wake. Mimi nimeagiza majike wawili wa spishi hiyo hiyo. Mwenye tangi la chini ya lita 200 asianze habari hii. Atafute samaki mtulivu zaidi, na pesa iliyobaki anunue uduvi.