Friends msimu wa 4: sanduku la kununua na la kuliacha dukani

Wifi yangu anayeishi Leicester alinitumia picha akiwa ndani ya duka la vitu vya mitumba. Mkononi ameshika sanduku la DVD la Friends, ule mchezo wa kuchekesha wa TV ya Marekani kuhusu marafiki sita wa New York, msimu wa 4. "Wifi, nikuchukulie?" Bei yenyewe ya soda mbili, nikamjibu chukua hata usiulize. Mzigo ukafika Dar, nikajifungia chumbani, nikaweka diski ya kwanza. Episodi ya tatu haijaisha nikajua kuna kitu hakipo. Vichekesho nilivyovizoea kwenye diski za binamu yangu wa Houston havimo. Watu wanaingia, wanasema, wanatoka, na pale ninapojiandaa kucheka tayari wako eneo lingine.

Sanduku halikuwa feki. Lilikuwa halali kabisa, ila ni la Uingereza. DVD za Friends zilizotoka Marekani msimu kwa msimu ziliongezewa vipande vilivyokatwa wakati wa kurushwa na NBC, kituo cha TV cha Marekani, kwa sababu kwenye TV kila episodi ilibanwa kwenye dakika 22 hivi ili matangazo yapate nafasi. Za Uingereza na Ulaya zina episodi kama zilivyorushwa. Kwa nje masanduku yanafanana: sura zilezile sita, jina lilelile. Ndiyo maana mtu anaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia na muuzaji asiwe na kosa lolote.

Na kwa nini msimu wa 4, kati ya misimu 10 na episodi 236? Huu ni wa 1997 hadi 1998, episodi 24, na kwangu ndio ambao wale waigizaji sita walikuwa wameshazoeana kama watoto wa nyumba moja. Kuna lile shindano la maswali ambalo Ross, mmoja wa wale sita, ameliandaa kwa kadi na ubao, Chandler na Joey upande huu, Monica na Rachel upande ule, na dau limepanda mpaka limefika fleti yenyewe. Swali linaloamua linahusu kazi ya Chandler. Wamekaa naye miaka, wamekula naye, na hawajui anafanya kazi gani! Rachel anabuni neno ambalo halimo kwenye kamusi yoyote, na fleti inaondoka. Kisha mwisho wa msimu ni harusi ya Ross jijini London, iliyopigwa kulekule mbele ya watazamaji wa Kiingereza, ambapo bwana harusi anataja jina la mwanamke mwingine mbele ya padri. Phoebe, rafiki wa sita, amebaki New York kwa sababu ya ujauzito, na Lisa Kudrow anayemwigiza alikuwa mjamzito kweli wakati huo.

Kwa msimu kama huo, dakika mbili za ziada katika kila episodi si jambo dogo. Kwa hiyo naupanga hivi.

Namba 1: DVD ya Marekani, msimu wa 4 peke yake

Ilitoka 2003. Picha yake ni ya zamani, mistari 480, na kwenye TV ya inchi 55 utaona nyuso zina ukungu kidogo. Sijali. Hapa ndipo penye vipande vilivyoongezwa, na ndipo penye umbo la asili la picha, lile la mraba mraba la 4:3, jinsi waongozaji walivyolipanga. Sanduku hizi za msimu mmoja mmoja pia zina maelezo ya watayarishaji, Kevin Bright, Marta Kauffman na David Crane, wakizungumza juu ya baadhi ya episodi huku zikiendelea kucheza. Mimi huwa nayawasha nikipiga pasi.

Sasa shida. Diski za DVD hufungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia zinapoweza kuchezwa, na ya Marekani ni ya kanda 1. Tanzania, Kenya na Uganda tuko kanda 5. Ukiiweka kwenye deki iliyofungwa kikanda inakutolea ujumbe wa kukataa, basi. Bahati nzuri deki nyingi za Mchina tunazouziwa huku zinasoma kanda zote, na nyingine hufunguliwa kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti. Fundi wa mtaani atakufanyia ukiwa unasubiri. Kuwa mwangalifu na laptopu. Kiendeshi chake cha DVD kinakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, na ya 5 ndiyo inayobaki milele. Nimeona mtu akizimaliza zote jioni moja, huku akishangaa.

Jambo la pili ni mfumo wa rangi. Diski ya Marekani inatumia mfumo wa NTSC, sisi huku ni watu wa mfumo wa PAL. TV bapa za siku hizi hazina tatizo, zinapokea vyote. Lakini kama bibi bado ana TV ya chogo sebuleni, usishangae Central Perk, ule mkahawa wao, ikageuka nyeusi na nyeupe, au picha ikawa inapanda juu kama lifti. Ingia kwenye mpangilio wa deki, tafuta sehemu ya mfumo wa TV, weka PAL. Deki nyingi zitabadilisha zenyewe.

Ukiagiza, mwambie ndugu yako aliyeko Marekani au Kanada akupigie picha ya nyuma ya sanduku. Kuna kialama kidogo cha dunia chenye namba ndani. Unatafuta 1. Ukiona 2, hiyo ni ya Uingereza, Ulaya au Ghuba. Waliozoea kuletewa vitu kutoka Muscat na Dubai lijueni hilo, kule nako ni kanda 2.

Namba 2: Blu-ray ya 2012

Blu-ray ni diski yenye picha kali kuliko DVD. Hii ilitoka Novemba 2012, misimu yote 10 kwenye diski 21, na hapa ndipo watu wanapogombana. Friends ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ndiyo maana waliweza kurudi kwenye negativu na kuzisafisha upya. Matokeo yake yanapendeza: rangi ya zambarau ya ukuta wa Monica inatoka, nyuzi za sweta la Chandler unazihesabu. Kuna vipande vichache tu vinavyoonekana kufifia ghafla.

Ila walipanua picha ijae TV pana za siku hizi, za 16:9. Filamu ilikuwa na nafasi ya ziada pembeni ambayo mtazamaji wa 1998 hakuiona, na kwa kuwa hakuna aliyetegemea ionekane, hakuna aliyeifagia. Kuna maeneo ambapo ukikodoa macho unaona mtu mwingine kabisa amekaa mahali pa mwigizaji, yule wa kushikilia nafasi, akidhani kamera haimfikii. Mara ya kwanza inachekesha. Mara ya tatu unajikuta unatazama kingo za picha badala ya hadithi. Kwingine wamekata kidogo juu na chini.

Na vipande vya ziada vya DVD havimo. Ni episodi kama zilivyorushwa. Ukiniuliza kwa nini basi iko namba 2, nitasema ni kwa ajili ya anayeitazama kwa mara ya kwanza: hatamkumbuka asiyemjua, na picha nzuri atafaidi. Kwa Blu-ray Afrika iko kanda B, pamoja na Ulaya, kwa hiyo sanduku la Uingereza linacheza bila maneno. PlayStation 3 na 4 zinacheza Blu-ray, huhitaji deki nyingine kama mtoto wa nyumbani atakubali kuachia mashine.

Namba 3: DVD ya Uingereza

Ndiyo hiyo ya wifi. Ni bei chee, ni PAL, na msimu mmoja mmoja unapatikana kwa urahisi kwenye mitumba. Kama hujawahi kuona toleo refu, hutakosa usingizi. Mimi nimeshaliona.

Namba 4: 4K ya 2024

Hii ni diski yenye picha kali kuliko hata Blu-ray ya kawaida. Ilitolewa Septemba 2024, mchezo ukitimiza miaka 30, diski 25. Picha ni kali kuliko zote, lakini umbo ni lilelile lililopanuliwa, na ni mzigo wa misimu yote 10 kwa mtu anayetaka mmoja. Unahitaji TV ya 4K na mashine inayosoma diski hizo. PlayStation 4 haiziwezi, hata ile Pro, mpaka PlayStation 5 yenye mlango wa diski. Nzuri yake moja: diski za 4K hazina kufuli la kanda. Fedha yote hiyo kwa vichekesho vilivyopigwa kwenye sebule mbili na mkahawa? Mwenye nayo anunue.

Mwisho: kulipia mtandaoni

Siipi hata namba. Kinachokuwapo leo kwenye programu ya kutazamia, kesho mkataba ukiisha kimehamia kwingine. Wamarekani wenyewe waliifuata Friends kutoka Netflix mwishoni mwa 2019 hadi HBO Max mwaka 2020. Na aliyeko mbali anaweza kukukatia. Mwaka 2022 iliporudi kwenye programu za China, watazamaji waligundua mazungumzo kuhusu Carol, mke wa zamani wa Ross anayeishi na mwanamke mwenzake, yameondolewa. Diski iliyoko kabatini kwangu hakuna wa kuja kuikata usiku.

Neno moja kuhusu feki, kwa sababu Friends imenakiliwa kuliko mchezo wowote ninaoujua. Niliwahi kununua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni "misimu yote" ndani ya kasha jembamba kama daftari. Picha ilikuwa ya vigae vigae kila mtu akitembea, maana episodi 24 zilisongwa kwenye diski moja, wakati diski ya kawaida ya DVD ina gigabaiti 4.7 na ya tabaka mbili 8.5. Igeuze diski uangalie tumbo lake: iliyotengenezwa kiwandani ni ya fedha tupu, iliyochomwa nyumbani ina wekundu wa zambarau au ubuluu. Kama juu yake kuna stika ya karatasi, rudisha. Na soma mgongo wa kasha, mahali walipoandika majina. Kwenye langu Schwimmer, yule anayemwigiza Ross, alikuwa amepotelewa na herufi mbili.

Usitarajie maandishi ya Kiswahili kwenye sanduku lolote kati ya haya. Mama yangu haelewi Kiingereza cha Joey na hucheka kuliko mimi, hasa pale London anapotandaza ramani chini na kuingia ndani yake kwa miguu yote miwili ili ajue wako wapi.

La Leicester nimempa jirani aazime. Ni mwezi wa pili huu hajalirudisha, na nikimkumbusha ananiambia bado yuko kwenye shindano la maswali.