Uzoefu wangu na roboti mbili za kufyonza vumbi kwenye sakafu ya vigae

Nyumba yetu hapa Dar es Salaam ina sakafu ya vigae na mlango unaotazama barabara ya vumbi, na watoto huingia na mchanga miguuni mchana kutwa. Roboti ya kwanza niliyoitumia ni ya bei nafuu na haina ramani: huenda mbele mpaka igonge kitu, hugeuka, kisha hushika njia nyingine. Ya pili ina kinara cha leza mgongoni, ambacho huzunguka kikipima umbali wa kuta na samani, na kwa vipimo hivyo huchora ramani ya nyumba nzima.

Wauzaji hutangaza zaidi nguvu ya kufyonza, kwa maelfu ya paskali (kipimo cha shinikizo), lakini kwa maoni yangu hapo sipo pa kuanzia. Kwenye vigae hata nguvu ya wastani huondoa mchanga. Kinacholeta usafi ni roboti kupita kila mahali. Ile ya bei nafuu hurudia katikati ya sebule na kuziacha kona za jikoni, ilhali ya leza hupita mstari kwa mstari, hata gizani, ambako zile zinazotegemea kamera pekee hupata taabu.

Ya leza nayo ina upungufu wake. Kinara huifanya ifikie karibu sentimita 10 kwa kimo, kwa hiyo haiingii uvunguni mwa kochi letu, mahali ambapo mwenzake hupita bila shida. Umeme ukikatika, zote mbili hushindwa kujipachika kwenye kituo cha kuchajia, kwa kuwa kituo ndicho kinachotoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa kuziongoza. Zulia jeusi pia huzitatiza: vitambuzi vya chini hudhani zimefika ukingo wa ngazi, kwa sababu rangi hiyo haiurudishi mwanga. Matamvua ya mkeka hunaswa kwenye brashi, hivyo mikeka naikunja kwanza.

Ya leza hupiga deki pia, ila kitambaa chake hufuta vumbi tu. Mafuta ya jikoni bado nayasugua kwa mkono. Ningeinunua tena hiyo ya leza, baada ya kuhakikisha kwamba vichujio na brashi zake za akiba zinapatikana madukani hapa mjini.